Watumishi Twaitwa

Sisi twaitwa watumishi. Jina hilo twalipenda siku ya mshahara. Siku nyingine twapenda kuitwa wakubwa. Hapa Kasansa mkulima wa mpunga huondoka kwake alfajiri akaja ofisini, naye huambiwa angoje. Nami nakiri: nilipata kumwacha bibi mmoja juani hata adhuhuri, nikipiga mistari ya daftari iliyoweza kungoja. Alipoingia aliniambia shikamoo, yeye aliye rika la mama yangu! Nami niliitikia marahaba.

Bwana Yesu aliposhika beseni akawaosha wanafunzi miguu, hakuacha kuwa Bwana. Wala hakumtuma mwingine.

Mwalimu Nyerere, Mkristo aliyefundisha shule kabla ya kushika dola, aliacha Uwaziri Mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, apate kwenda kwa watu na kukiimarisha chama. Tena Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipokataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine pia. (Wanafunzi nao aliwarudisha makwao, hakuwa mpole siku ile.)

Basi twaomba jambo dogo: benchi liwekwe kivulini, na kila asubuhi mkuu wa ofisi mwenyewe, si tarishi, atoke nje awaamkie wazee na kuwauliza haja zao, kabla hajafungua barua hata moja.