Franga ni za wananchi: tufunguliwe njia ya konti zetu



Tangu mji wetu uingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, banki za biashara zimefunga milango. Banki Kuu ya Congo haileti tena noti hapa. Watu wa Goma tuko na konti, tuko na kadi, tuko hata na meseji kwenye simu inayosema mshahara umeingia. Lakini franga yenyewe haiko.

Tunataka kusema jambo moja, na tunalisema wazi kwa pande zote mbili. Franga iliyo kwenye konti si ya Kinshasa, si ya AFC/M23, wala si ya banki. Ni ya mwenye aliiweka. Anayeifungia ili kumbana adui wake anambana mwananchi.

Nani alituingiza banki?

Tukumbuke tulifikaje hapa. Kuanzia mwaka 2011, serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake kwenye banki. Mbele ya hapo franga zilisafiri katika mifuko, na kila mkono zilipopita ulikata kipande chake. Uamuzi ulikuwa mzuri. Mwalimu, muuguzi, polisi, wote wakafungua konti.

Wazee walisita, na walikuwa na sababu. Waliona Zaire ya Mobutu ikipoteza thamani mpaka Januari 1993, askari walipolipwa noti za milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa, na Kinshasa ikaporwa. Mwaka 2016 walisikia tena habari za wateja wa BIAC waliopanga mistari mbele ya banki isiyoweza kuwapa akiba yao yote. Pamoja na hayo waliambiwa kila siku: banki ni salama kuliko godoro. Sisi wenye diplome tulifundishwa vile vile, tena tulidaiwa bordero ya banki mbele ya kuingia mtihani. Leo aliyeficha franga chini ya godoro ndiye anakula. Aliyetii anaomba.

“Si muko na simu?”

Ndivyo tunavyojibiwa tukilalamika. Ni kweli, simu imetuokoa. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money ndizo zimebeba mji huu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2012, na leo hata mama wa ndizi kule Kituku anaijua. Lakini tuelewe namna kazi hii inavyokwenda, juu hapo ndipo shida yote ilipo.

Franga ya simu ni hesabu iliyoandikwa. Nyuma yake kunatakiwa kuwe na franga ya kweli inayolala banki. Mwenye kabine naye anatembea na vitu viwili: franga ya simu na franga ya karatasi. Watu wengi wakija kutoa, karatasi inamwishia, simu inajaa. Wakati wa kawaida anaenda kwa wakala mkubwa, anampa ya simu, anapewa karatasi, na kesho anafungua tena. Wakala mkubwa anachota banki.

Sasa banki imefunga, na wakala mkubwa hana pa kuchota. Kila mwezi franga za simu zinaingia mjini: mishahara, misaada ya mashirika, msaada wa ndugu walio Kinshasa au ng'ambo. Karatasi hazina tena pampu ya kuziingiza. Zile zilizoko zinazunguka na kuchakaa, na nyingine zinavuka mpaka kununua bidhaa na hazirudi upesi. Ndiyo maana karatasi yenyewe imekuwa bidhaa, na bidhaa adimu ina bei. Bei hiyo ndiyo ile komisheni unayokatwa kwenye kabine, juu ya ada ya kampuni.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anapokea sawa na dola 200 kwa mwezi kwenye simu. Akikatwa 5 kwa mia ili apewe karatasi, ameacha dola 10 kwenye kabine. Kwa mwaka ni dola 120, zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Hakuna bunge lililopiga kura juu ya kodi hiyo. Na inamkata zaidi mwenye kidogo, kwa sababu mwenye nyingi ana njia nyingine: ana kadi ya kimataifa, anavuka Petite Barrière, anatoa kwenye mashine Gisenyi. Naye analipa, ada ya mashine kwanza, halafu kambisti, lakini walau anafika kwenye franga yake.

Na karatasi ukiipata, bado. Dola yenye kipasuko kidogo pembeni inakataliwa. Franka iliyochakaa unarudishiwa sokoni. Zamani ungeipeleka banki ikabadilishwa. Leo inabaki kwako, au unaiuza kwa hasara.

Wengine nao walifungiwa

Kuna wanaotuambia vita ni vita. Sawa, tuangalie kwingine. Ugiriki, katika shida yake ya madeni, ilifunga banki tarehe 29 Juni 2015 na kuzifungua tarehe 20 Julai. Katika siku hizo mwenye kadi aliruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Côte d'Ivoire inafanana nasi zaidi. Mwaka 2011, Gbagbo na Ouattara waliposhindania madaraka, banki kubwa zilifunga Februari, na zikaanza kufunguliwa tena mwisho wa Aprili. Watu waliteseka sana kwa miezi miwili na nusu. Goma tumepita muda huo mara nyingi, na hakuna anayetutajia tarehe.

AFC/M23 ilifungua CADECO mwezi wa Aprili 2025. Lakini dirisha la CADECO haliwezi kukupa akiba uliyoiweka kwenye banki nyingine. Banki ni mtandao, na mlango mmoja uliokatwa na mtandao hauwezi kufanya kazi ya mtandao mzima.

Hoja ya Kinshasa nayo inaeleweka: noti zikiletwa mahali isipotawala, nani atazilinda? Hatutaki franga za raia zinunue risasi. Lakini kati ya kuleta malori ya noti bila ulinzi na kutofanya kitu chochote, kuna njia nyingi. Hatujaonyeshwa hata moja.

Tunadai

1. Pande mbili zilizosaini Tamko la Kanuni kule Doha tarehe 19 Julai 2025 ziweke banki za Goma na Bukavu mezani kama jambo la raia, si zawadi ya mshindi. Noti ziletwe kwa kiasi kinachojulikana, chini ya macho ya mtu wa tatu asiye na upande.

2. AFC/M23 ilinde majengo, wafanyakazi na vitabu vya banki, bila kugusa sanduku wala kudai majina ya wateja.

3. Banki Kuu iagize kwamba hakuna riba wala faini kwa mwenye mkopo wa Goma kwa miezi ambayo dirisha la kulipia lilifungwa. Mfanyabiashara wa Birere asije akaamka siku moja kukuta nyumba yake aliyoweka rehani inauzwa kwa deni alilozuiwa kulipa.

4. Kampuni za simu zibandike bei rasmi kwenye kila kabine, na ziondoe ada ya kulipana mtu kwa mtu mpaka banki zifunguliwe. Tukiweza kulipa unga, pikipiki na kodi ya nyumba kwa simu bila kukatwa, tutahitaji karatasi kidogo, na komisheni itashuka yenyewe.

5. Shule na vyuo zikubali malipo ya simu, na mtoto asifukuzwe juu ya bordero.

Kwetu sisi wananchi: mwenye duka akubali simu pale anapoweza. Tupokeane noti zilizochakaa kidogo. Kila mmoja ahifadhi karatasi za banki, namba ya konti na meseji zake, kwa sababu siku ya kufungua kila mtu ataulizwa ushahidi. Na namba ya siri hapewi mtu yeyote, hata akijiita mtumishi wa banki.

Wenye kabine si adui zetu. Wengi ni vijana kama sisi, waliosoma wakakosa kazi, wakatafuta mwavuli na simu mbili. Swali letu linawahusu wenye funguo, huku na kule. Hatuwaombi mkopo wala msaada. Tunawauliza tarehe ya kupata kilicho chetu.