Moto Hausomi Kibao

Wasee, wiki hii nimeona video ya jamaa wa Uingereza akionyesha vibao vya kale vya bima ya moto alivyokusanya. Ni vipoa, sikatai. Kilichoniuma ni watu wetu kuandika pale chini ati Kenya hatuna kitu kama hicho. Buda, tunacho. Toka nje uangalie geti lako.

Anza na historia. Moto wa London wa 1666 uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Kuanzia miaka ya 1680 kampuni zikaanza kuuza bima ya moto, na ukilipa unapigiliwa kibao cha risasi juu kabisa ukutani. Cha Sun kilikuwa na jua lenye uso wa mtu, cha Hand in Hand mikono miwili iliyoshikana. Vingi vya zamani vina namba ya bima chini. Kampuni zilikuwa na wazima moto wao, wengi wakiwa wapiga makasia wa mto Thames. Yaani fikiria kampuni ichukue wasee wa boda, iwape sare.

Utasikia kwamba nyumba bila kibao iliachwa iungue. Wanahistoria wengi hawaiamini hiyo hadithi, na hata hesabu inaikataa: jirani akiwaka, wewe mwenye kibao ndiye unafuata. Isitoshe, sheria ya 1708 iliitaka kila parokia iwe na mashine za kuzima moto, na waliofika kwanza walipwe zawadi.

Mwaka 1833 kampuni kubwa za London ziliunganisha vikosi vyao. Mkuu wao, James Braidwood, aliangukiwa na ukuta kwenye moto wa Tooley Street mwaka 1861. Hasara ya moto huo ilikuwa kubwa mpaka kampuni zikaambia serikali mzigo umezishinda. Kufikia 1866 jiji lilikuwa na kikosi cha umma, cha kila mtu.

Sasa njoo Kitengela. Mwaka jana ploti ya mabati nyuma ya kwetu ilishika moto usiku. Hakuna aliyekuwa na namba ya zimamoto kwa simu. Mtu akakumbuka ile korti ya ng'ambo ya barabara ina kibao cha kampuni ya ulinzi, na namba iko hapo kubwa. Tukapiga. Swali la kwanza: "Mna akaunti?" Manze, mama anatoa godoro nje na watoto wanalia, na sisi tunaulizwa akaunti! Tulizima kwa ndoo, na kwa lori la maji la jirani ambaye kazi yake ni kuuza maji. Vyumba vinne viliisha. Ile korti yenye kibao iliponea upepo tu.

Najua utaniambia serikali haisaidii, acha nijilipie. Lipa, sikukatazi. Ila usiite hiyo usalama. Ukuta wako unapakana na mabati ya mtu ambaye hajalipa, na moto haujui geti liko wapi. London ilikuwa na kampuni tajiri, na bado ilibidi ziombe serikali ichukue kazi.

Sisi hata hatuhitaji kuomba. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka uzimaji moto kwa kaunti. Makao makuu yetu yako Kajiado mjini, kama kilomita 50 kutoka hapa. Kwa hivyo kikao cha umma cha bajeti kikija, swali ni rahisi: gari la Kitengela linalala wapi, na linajaza maji wapi? Nilienda kikao kimoja. Wazee walijaa, wa umri wangu tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa amekuja kuchaji simu.

Naenda tena. Kabla ya hapo natafuta haidranti zote kuanzia stage hadi mtaani kwetu, nizipige picha. Kama unajua ilipo hata moja, nitumie.