Tuwafungulie Vijana Wetu Uwanja

Ndugu zangu wananchi wa Kinondoni na Temeke, leo naomba tuzungumze kidogo habari ya mpira wa kikapu, hata wewe ambaye ukisikia neno mpira unawaza Simba na Yanga tu. Hili linatuhusu sote.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 5 Aprili 2009, wengi wetu tulikuwa tumelala. Huko Detroit, Marekani, jua lilikuwa bado halijazama, na kijana wa Dar es Salaam alikuwa uwanjani mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000. Alivaa jezi namba 34 ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Jina lake Hasheem Thabeet, urefu wake mita 2.21.

Timu 65 za vyuo zilianza mashindano ya taifa ya Marekani, zikabaki nne, na chuo chake kilikuwa kimojawapo. Walifungwa siku ile na Michigan State, 82 kwa 73. Lakini tazama msimu mzima: michezo 36, wameshinda 31, wamepoteza mitano. Kijana wetu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa kila mchezo. Waliocheza kikapu wanaelewa uzito wa hiyo namba ya mwisho. Kwa wastani, zaidi ya mara nne kwa mchezo, mtu anarusha mpira akiamini ni kikapu, na mkono wa Mtanzania unaurudisha. Katika ligi ya vyuo vya Big East aligawana tuzo ya mchezaji bora wa mwaka na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Ilipofika Juni 2009, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Mtanzania wa kwanza.

Je, unajua kikapu alikianzia wapi? Hapa hapa. Makongo Sekondari, shule ya jeshi jirani na kambi ya Lugalo, Kinondoni.

Na hakuanza utotoni. Alishika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wengine wetu tumeshamwambia mtoto kuwa muda wa michezo umepita. Haikutimia miaka minane tangu siku hiyo, akasimama jukwaani New York akiitwa jina na NBA.

Urefu alipewa na Mwenyezi Mungu. Sisi wa Dar es Salaam tulimpa nini? Tulimpa uwanja uliokuwa wazi. Tulimpa mpira, na watu wazima waliokubali kijana abaki uwanjani jioni badala ya kuambiwa rudi nyumbani haraka. Shule ile ilikuwa na jina la kulea wanamichezo, na milango yake ilimpokea akiwa na umri ule ule wa wanao.

Naomba nikueleze jambo jingine la msimu ule wa Connecticut, kwa sababu tunaposikia habari za ushindi tunadhani mambo yalikwenda kama maji. Hayakwenda hivyo. Februari, Jerome Dyson, mmoja wa wafungaji wao wa kutegemewa, aliumia goti, msimu wake ukaishia hapo. Machi 12 walikutana na Syracuse huko New York, mchezo ukaisha sare, ukaongezwa muda, sare tena, ukaongezwa tena, mpaka ikafika nyongeza ya sita. Wakafungwa 127 kwa 117, saa zimepita usiku wa manane, miguu haina nguvu. Wiki moja baadaye mashindano ya taifa yakaanza, na kocha wao Jim Calhoun akaugua, akalazwa. Msaidizi wake akasimama pale pembeni ya uwanja. Unajua walifanya nini? Waliwafunga Chattanooga 103 kwa 47.

Halafu kuna Kemba Walker. Huyu hakufika hata mita 1.90, na ulikuwa mwaka wake wa kwanza chuoni. Mchezo wa kuingia nne bora, dhidi ya Missouri, alitokea benchi akafunga pointi 23. Miaka miwili baadaye, 2011, ndiye aliyekiongoza chuo hicho kuchukua ubingwa wa taifa. Basi mzazi mwenzangu, ukimwona mwanao ni mfupi, usimwambie kikapu si mchezo wake. Timu inahitaji mrefu wa kusimama chini ya ringi, na inahitaji mwepesi wa kuupandisha mpira.

Sasa turudi huku kwetu. Mtaani kwako kuna ringi?

Shule nyingi za sekondari huku kwetu zina nguzo mbili za kikapu, walau zilikuwa nazo. Ubao umeoza kwa mvua, ukabaki mfupa. Ringi imeinama mbele kwa sababu vijana wameining'inia miaka yote. Nyavu hakuna. Kijana akifunga, mpira unapita kimya, na wenzake wanabishana kama umepita ndani au nje. Sakafu ya zege imepasuka katikati, nyasi zimeota kwenye ufa, na hapo ndipo mtoto anapovunjika kifundo cha mguu.

Silitaji hili kumlaumu mwalimu mkuu. Ana madarasa, madawati na vyoo vya kushughulikia, na siku yake haitoshi. Ninalitaja kwa sababu karibu kila kitu kinachotakiwa hapo kipo mikononi mwetu.

Ndugu yangu fundi wa kuchomelea, wewe wa Tandika, wa Mwananyamala, wa Mbagala, hebu nisikilize. Ringi ya kikapu ni duara la chuma lenye kipenyo cha sentimita 45 kwa ndani. Unene wa chuma chenyewe ni kati ya milimita 16 na 20. Nondo ya 16 unaijua, na pengine kipande kimelala karakana kwako sasa hivi, kimebaki kwenye kazi ya geti. Ikunje, ilainishe kwa tupa isimkate mtoto mkono, uchomelee vishikizo 12 vya nyavu kwa chini. Ifunge mita 3.05 kutoka sakafuni. Kama ni ya watoto wa shule ya msingi, ishushe mpaka mita 2.60, wafikishe mpira bila kujiumiza mabega. Kazi hiyo kwako ni saa ngapi? Nusu siku?

Na nyavu je? Mzee wa Kunduchi au Msasani anayeshona nyavu za samaki chini ya mti kila alasiri, mwombeni. Ana uzi wa nailoni na anajua fundo lake. Mpira ukipita kwenye nyavu unatoa sauti, na mtoto akishaisikia sauti hiyo mara moja, kesho atarudi mwenyewe.

Mchezo huu wenyewe ulianza kwa vitu vya kuokoteza. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya kubebea matunda kwenye roshani ya ukumbi, na mpira ukiingia mtu alipanda kuutoa. Ndiyo maana unaitwa kikapu mpaka leo. Sisi tunaanza na nondo, tuko mbele yake.

Tuje kwenye geti. Viwanja vingi vipo ndani ya shule, na shule hufungwa jioni, hufungwa Jumamosi, hufungwa likizo, yaani hasa saa ambazo vijana wana nafasi. Mwalimu mkuu anafunga kwa sababu anawajibika kwa kila kioo na kila kiti. Ana haki. Lakini je, tukimsaidia? Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, kamati ya shule na wazazi wawili watatu mkae naye. Mkubaliane saa, mathalani kumi jioni hadi kumi na mbili, siku tatu kwa wiki. Pawepo mtu mzima wa zamu, jina lake limeandikwa kwenye daftari. Madarasa yabaki yamefungwa, uwanja tu ndio ufunguliwe. Mlinzi apewe chai yake na heshima yake, maana bila yeye hakuna kitakachokwenda.

Nani atakuwa mtu mzima wa zamu? Najua utasema huna muda. Lakini mtaa una mstaafu wa jeshi au wa bandari aliyecheza kikapu enzi zake. Una dada aliyecheza UMISSETA akiwa sekondari na sasa ana duka. Waulizeni. Wengi wanangoja tu kuulizwa.

Mama yangu, shangazi yangu, naomba neno na wewe kuhusu binti. Mvulana akirudi shule anatupa begi na kutoka. Binti anakuta ndoo, vyombo na mdogo wake wa kubeba. Sisemi asisaidie nyumbani, kusaidia ni malezi. Naomba siku mbili tu kwa wiki kazi hizo zishikwe na kaka yake, ili naye aende uwanjani. Kama wasiwasi wako ni giza na njia, basi waende watatu wanne pamoja na warudi pamoja. Kama wasiwasi ni mavazi, suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu zinafaa kuchezea kikapu, na hijabu pia inaruhusiwa katika mashindano ya kimataifa tangu 2017. Jiji hili lina timu za wanawake kama Vijana Queens na JKT Stars. Siku moja mpeleke binti akawaone. Akiwaona watu wazima wanaofanana naye wanakimbia bila haya, hutahitaji kumshawishi.

Na masomo? Hapa baba wengi ndipo wanapokunja uso, nami nawaelewa, kwa kuwa ada inauma. Lakini fikirini: kijana wetu aliingia Connecticut kama mwanafunzi. Vyuo vya kule vina sheria, asiyefaulu masomo hachezi. Hata hapa kwetu, UDSM Outsiders wanaocheza Ligi ya Mkoa, ile BDL, wamebeba jina la chuo kikuu, na wanashindana na JKT, Vijana, Savio na Pazi. Mfanyie mwanao sheria hiyo hiyo nyumbani: daftari lionekane kwanza, halafu raba. Utashangaa hesabu zinavyofanywa haraka siku ya mazoezi.

Nimetaja raba. Hazihitaji kuwa mpya. Raba nzuri ya mtumba inatosha, cha msingi soli isiwe imelika na mguu usicheze ndani yake. Kama kijana wako amekua na zake zimembana, usizifungie kabatini. Mpe wa jirani.

Ninyi wenye ofisi, viwanda na maduka makubwa, vijana wenu wengi wanaocheza ligi hucheza baada ya kazi. Mkitaka kuwasaidia, anzeni kwa kuwaruhusu watoke saa moja mapema siku ya mchezo, nao waifidie saa hiyo asubuhi. Halafu nendeni mkawatazame. Mchezaji anayemwona meneja wake jukwaani akipiga makofi kesho anafanya kazi kwa moyo mwingine kabisa.

Wanafunzi wa vyuo nawaomba zaidi, maana ninyi ndio mlio karibu na watoto kwa umri. Temeke tuna DUCE pale Chang'ombe, tuna Taasisi ya Uhasibu Kurasini. Kinondoni na jirani zake vyuo havihesabiki kwa vidole. Timu yako ya chuo ikimaliza mazoezi, je, mnaweza kutenga Jumamosi moja kwa mwezi mwende shule ya sekondari ya mtaa ule mnakopanga vyumba? Si lazima mwende na jezi wala zawadi. Nendeni na mipira miwili na filimbi. Mfundishe kudunda kwa mkono wa kushoto, kusimama kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka ubaoni, na kurusha bila kuharakisha. Mtoto wa Mtoni kwa Azizi Ally akifundishwa na mwanachuo anayemfahamu kwa sura, anafundishwa kikapu na chuo kwa pamoja.

Na sisi tuliobaki, tusio na nondo wala ofisi wala miguu ya kukimbia? Twende tukatazame. Michezo ya ligi ya mkoa inachezwa jijini humu humu, na viti vingi huwa vitupu. Kaa pembeni ya uwanja uone kijana anavyogeuza shingo kutafuta kama kuna mtu wa kwao aliyekuja.

Masika huanza Machi, na zege likimwagwa mvua ikiwa inanyesha halishiki. Kwa hiyo ufa wa uwanja wa shule ya mtaani kwako unatakiwa kuzibwa kabla ya hapo. Mfuko mmoja wa saruji, mchanga kidogo, siku chache za kulimwagia maji likomae, halafu rangi ya mistari. Wiki hii mwone mwenyekiti wako wa mtaa, mwombe aweke ajenda hiyo kwenye mkutano ujao, na mwende pamoja kwa mwalimu mkuu. Ukifika mwambie umekuja kusaidia, na uwe tayari umeshamjua fundi wa ringi kwa jina.