Mizani Ndiyo Kompyuta ya Darasa la Mlimani

Tangu Jeannette Wing, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta wa Marekani, alipochapisha makala yake ya mwaka 2006, walimu wa mataifa mengi wamekuwa wakihimizwa kuwapa watoto wadogo aina fulani ya kufikiri: kulichambua tatizo vipande vipande, kutambua kinachojirudia, na kuzipanga hatua za utatuzi kwa uwazi ambao hata mashine isiyo na akili ingeweza kuzifuata. Kwa Kiswahili twaweza kuliita jambo hili fikra za kikompyuta, au fikra kokotozi. Mimi nashika jina la pili, na sababu yangu si ya kisarufi.

Mwanachuo wa ualimu anayejiandaa kwenda kufundisha Mtae au Mlalo, akisikia kompyuta, atawaza kwanza darasa lisilo na umeme, kisha atafunga daftari. Ataona somo hilo ni la wenzake wa mjini. Akisikia kokotoa, atakumbuka kitenzi ambacho mtoto hukutana nacho ubaoni kila siku. Kasoro ya jina hilo ni kwamba linavutia mno upande wa namba. Kasoro hiyo naivumilia. New Zealand kwenyewe, Tim Bell na wenzake walikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya sayansi hii hufundishika kwa kadi, kamba na chaki, bila mashine hata moja.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Irente, karibu na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona. Nukta nundu wanazozisoma kwa ncha za vidole hutokana na kisanduku cha nukta sita, na kila nukta ama imeinuka ama haikuinuka. Nukta moja ina hali mbili, mbili zina nne, tatu zina nane. Ukifika ya sita una sura 64, pamoja na ile tupu. Kompyuta nayo huhifadhi maneno yetu yote kwa hali mbili tu. Mtoto wa Irente, basi, anaugusa kwa kidole msingi ambao mtoto wa Dar es Salaam anausoma tu kitabuni. Nashangaa kwamba jambo hili halitajwi zaidi, hasa katika wilaya ambayo Magamba yake ilikuwa na Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichosifika kwa kuwaandaa walimu wa elimu maalumu.

Lakini sisi washairi tuna hazina yetu, nayo ni mizani. Chukua darasa la tano huko Soni. Mwalimu anataka kanuni ya kuhesabu mizani ambayo mtu asiyejua Kiswahili kabisa angeweza kuitumia. Watoto watasema: hesabu irabu. Vema. Kitabu, tatu, taa, mbili, maua, tatu. Kanuni inafanya kazi, mpaka anatokea mtoto. Irabu ni mbili, sikio linasikia tatu. Basi waongeze hatua: m ikifuatwa na konsonanti, ihesabiwe peke yake. Mtoto amepona, mlima umepona, lakini mwalimu sasa ana mizani nne! Waitenge w. Kisha anakuja mbuzi, mwenye mizani mbili, kanuni inampa tatu. Waitenge na b. Hapo mbunge ananyanyuka kudai mizani yake ya tatu.

Na utamu wote uko kwenye mbaya. Mtu mbaya ana mizani tano. Nyumba mbaya ina nne. Herufi za mbaya ni zile zile, ila m ya mtu ni silabi, na ile ya nyumba imeambatana na b. Hakuna kanuni ya kutazama herufi peke yake itakayolitatua hilo. Ni lazima kanuni iulize: neno hili linafuata nomino ya ngeli gani? Watoto wamefika, bila kugusa kitufe, mahali ambapo watunzi wa programu za lugha hufika kwa jasho: kwamba sauti haisomeki bila sarufi. Tena wamejifunza ngeli kwa kuzihitaji, jambo ambalo zoezi la kujaza nafasi halijawahi kuwapa.

Najua wapo watakaonung'unika kwamba ushairi si mashine, na kwamba mtoto akizoea kuhesabu atasahau kuonja. Mbona al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeiasisi elimu ya arudhi katika karne ya 8, ndiye pia aliyepanga kamusi ya Kiarabu kwa kugeuzageuza herufi za kila mzizi, tatu zikizaa mipangilio sita? Sikio lake halikufa kwa hesabu. Anayeujua mfumo wa tarbia, mistari minne ya mizani kumi na sita, ndiye anayeshtuka mshairi anapouvunja kwa makusudi.

Hofu yangu ni nyingine. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na mtoto wa Usambara huja nacho juu ya Kishambaa cha nyumbani. Istilahi za kompyuta zikimfikia mwalimu mtarajiwa kwa Kiingereza pekee, atazikariri, naye atawakaririsha watoto. Na fikra iliyokaririwa haitatui kitu. Ruwaza tunalo, mchanganuo tunalo, hatua na sharti tunayo. Yanahitaji kuingia midomoni mwa wanachuo kabla hawajapangiwa vituo.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaotunga: andikeni beti chache zenye kasoro moja iliyofichwa, mzani uliopungua au kina kilichopotea, mzipeleke vyuoni, Korogwe pale bondeni kwa kuanzia. Mwanachuo mmoja aandike hatua za kuitafuta kasoro. Mwenzake azifuate kama zilivyoandikwa, bila kuuliza swali na bila kutumia akili yake. Atakapokwama, wasimame hapo hapo, waisome upya hatua hiyo.