Msituambie Picha za Kale Hazidanganyi

Wiki iliyopita nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akiwashauri wasikilizaji wanaosafiri kwenda Marekani wasikose kuingia makumbusho. Hapo sina ugomvi naye. Lakini akaendelea: picha za rangi za karne ya 19, alisema, ndizo kamera za enzi zile, mchoraji aliona, akachora, nawe ukizitazama unaiona Marekani kama ilivyokuwa. Mgeni wake studioni, msomi mzima, akawa anaitikia "naam, naam". Niliizima redio.

Imani hii imeenea mno, na inaniudhi kwa sababu inashikwa na watu makini. Mtu anayesoma mkataba wa kupanga chumba mstari kwa mstari, mweke mbele ya fremu iliyopakwa dhahabu, ataamini kila anachokiona. Hajiulizi nani alilipa. Picha zile zilikuwa bidhaa. Mwenye fedha ndiye aliyeamua nani akae mbele, nani asimame nyuma, na nani asionekane kabisa.

Mtazameni Bélizaire. Mnamo mwaka 1837 hivi, huko New Orleans, tajiri aitwaye Frederick Frey alitaka watoto wake watatu wachorwe. Nyuma yao mchoraji alimweka Bélizaire, kijana Mweusi wa miaka kama 15, mtumwa wa nyumba ile, ameegemea mti, mikono ameikunja kifuani, uso wake umechorwa kwa uangalifu uleule waliopewa watoto wa tajiri. Watu wakaja kumfuta. Karibu na mwanzo wa karne ya 20 alipakwa rangi juu yake, pale aliposimama pakawa anga na miti. Picha ikaingia jumba la makumbusho la New Orleans mwaka 1972, ikawekwa stoo zaidi ya miaka 30 na kivuli cha kijana kikionekana chini ya rangi, kisha ikauzwa mwaka 2005. Rangi ile ilibanduliwa baada ya mauzo, na mwaka 2023 makumbusho ya Metropolitan ya New York yakainunua. Kamera gani hiyo inayomfuta mtu ikaweka mawingu mahali pake?

Na angalieni kilichotumika kumfuta. Ni mandhari. Anga safi, majani, utulivu. Ndiyo maana siwezi kusimama mbele ya mabonde na milima ya wachoraji wale nikapumua tu kwa raha kama ninavyoshauriwa.

Albert Bierstadt alichora Bonde la Yosemite mwaka 1865: miamba mirefu pande zote mbili, mwanga wa dhahabu katikati, na hakuna hata mtu mmoja. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo wa Mariposa kilikuwa kimeingia bonde hilohilo kuwafukuza wenyeji wake, Waahwahneechee, kikachoma vijiji vyao na akiba yao ya chakula. Miaka 14 tu baadaye, mnunuzi anaonyeshwa bonde kana kwamba liliumbwa jana na halijawahi kukanyagwa.

Nimekwisha kujibiwa kwamba Bierstadt hakuwa mwanasiasa, alipenda milima tu. Jibu gani hili? Kwani kupenda mlima kunamzuia mtu kumwona anayeishi chini yake? Mtu huyohuyo alichora kambi ya Washoshone katika picha yake ya Milima ya Rocky ya mwaka 1863. Alijua kuchora watu alipotaka.

Nasi tumo humo. Mwaka 1840 meli ya Sultani Sayyid Said, iitwayo Sultana, ilitia nanga New York ikitoka Zanzibar, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman akachorwa na Edward Mooney, kilemba kichwani. Nafurahi kwamba sura yake ipo. Lakini meli ilibeba karafuu na pembe za ndovu. Aliyechuma karafuu zile, na aliyeibeba pembe begani kutoka bara hadi pwani, wako ukuta gani?

Halafu kuna kalenda. Kila Desemba naletewa kalenda yenye Serengeti ndani yake: mgunga mmoja, jua linazama, nyumbu hadi upeo wa macho, binadamu hakuna. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, na bado tunachapisha ule utupu kwa fahari na kuutundika ofisini, kana kwamba sisi wenyewe tulilipia brashi.

Nendeni makumbusho, tena nendeni na watoto. Lakini chini ya kila picha ya Yosemite paandikwe Waahwahneechee na mwaka 1851, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa jina la mchoraji. Na mtangazaji yule arudi hewani awaambie wasikilizaji wake habari za Bélizaire.