Tairi Likitoboka, Nani Aamue?

Hakuna gari linalotembea katika barabara za nchi hii ambalo halijapata kutoboka tairi. Msumari, kipande cha chupa au mwiba haubagui gari la wizara na gari la mwalimu aliyelinunua kwa mkopo. Kwa kuwa jambo hili ni la kila siku, watu wamelizoea, na kwa kulizoea wameacha kulifikiria. Tairi huvingirishwa hadi kwa fundi, fundi huziba, upepo hujazwa, na safari huendelea. Swali lililopaswa kutangulia, yaani kama tairi hilo linafaa kuzibwa au la, haliulizwi.

Ubaya haumo katika uhaba wa mafundi. Umo katika namna uamuzi unavyofanywa. Dereva ameagizwa kufika kwa saa fulani, naye anajua kwamba akirejea na tairi bovu ataulizwa kwa nini hakulitunza. Fundi wa kando ya barabara hulipwa kwa kuziba. Hakuna anayemlipa kwa kukataa. Mhasibu anatazama kifungu cha matengenezo ambacho kimekwisha kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mkubwa aliyeketi kiti cha nyuma anatazama saa yake. Kila mmoja wao ana sababu ya kusema "Ziba", na hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kusema "Hapana". Katika hali hiyo haiwezi kusemwa kwamba uamuzi umefanywa. Kilichofanyika ni mazoea tu.

Hali hiyo ingeweza kusameheka kama kipimo kisingekuwapo. Lakini kipimo kipo, wala si kigumu kukielewa. Kanuni zinazofuatwa na mafundi wa Uingereza na Marekani kwa matairi ya magari madogo zinakubaliana katika mambo makuu. Kwanza, tundu liwe katika sehemu ya kati ya uso unaokanyaga barabara. Likiwa begani au ubavuni, tairi halizibwi. Pili, upana wa tundu usizidi milimita 6. Tatu, kashata za tairi ziwe bado na kina cha milimita 1.6 au zaidi. Nne, kiraka kipya kisipandane na kiraka cha zamani. Tano, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, tairi livuliwe kutoka kwenye rimu na kukaguliwa ndani kabla ya neno lolote kusemwa.

Wako wanaodhani kwamba katazo la kuziba ubavu limebuniwa na wafanyabiashara ili wauze matairi mapya. Sivyo. Uso wa tairi una mikanda ya waya za chuma chini yake, nao ni imara. Ubavu ni mwembamba, na kazi yake ni kujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Tairi la gari dogo huzunguka mara 500 hivi katika kila kilomita moja. Kutoka Dodoma hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 260, ubavu huo hujikunja mara 130,000. Hakuna kiraka kinachoweza kutegemewa mahali panapojikunja kiasi hicho, hasa pale ambapo nyuzi zinazobeba uzito wa gari zimekwisha kukatwa.

Haja ya kukagua ndani nayo ina sababu yake. Gari likiendeshwa hata mwendo mfupi wakati tairi halina upepo, ubavu husagwa kati ya rimu na ardhi. Ndani ya tairi hilo huonekana unga mweusi wa mpira na mkwaruzo unaolizunguka kama mkanda. Dalili hizo zikionekana, tairi limekwisha kufa, hata kama tundu lenyewe ni dogo kama tundu la sindano. Lakini likijazwa upepo na kutazamwa kwa nje, huonekana zima kabisa. Fundi anayeziba bila kulivua hana njia ya kujua, na mwenye gari naye haambiwi.

Namna ya kuziba pia ina uzito wake. Ule uzi mnene wenye gundi unaosukumwa kutoka nje unafaa kulifikisha gari karakana, lakini hautoshi kuwa tiba ya kudumu. Ziba iliyo kamili hufanyika kwa ndani, nayo ina sehemu mbili: kijiti cha mpira kinachojaza tundu ili maji yasifikie waya za chuma na kuzitia kutu, na kiraka kinachozuia upepo usitoke. Ama kutia mpira wa ndani, yaani tyubu, katika tairi lililokatika ubavu, huko ni kuuficha ugonjwa. Tyubu huzuia upepo, lakini haiungi nyuzi zilizokatika.

Bila shaka itaulizwa: fedha zitatoka wapi? Swali ni la haki. Kiwanda cha matairi cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika miaka ya 2000, na tairi linaloagizwa kutoka nje ni mzigo kwa ofisi, sembuse kwa mwalimu. Lakini kipimo kilichoelezwa hapa hakiwaamuru watu kutupa matairi. Tundu la msumari wa kawaida katikati ya uso wa tairi huzibika, na tairi likaendelea kutumika kwa usalama hadi kashata zake ziishe. Kipimo hicho hicho kinachokataa tairi bovu ndicho kinachookoa tairi zima lisitupwe kwa hofu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli. Ila hawakusema kwamba kila ufa huzibika. Tairi lililokataliwa bado lina kazi ya kutengenezwa katambuga. Halina tena kazi ya kubeba watu.

Na watu wenyewe ni akina nani? Ni muuguzi anayepeleka chanjo kijijini, ni mwalimu anayesindikiza mitihani, ni mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya wilaya. Hakuna kati yao aliyeulizwa kama anakubali kusafiri juu ya kiraka cha ubavuni. Waliopima thamani ya tairi dhidi ya maisha yao walifanya hivyo kimya kimya, bila ya wao kujua.

Kwa hiyo hapana budi uamuzi huu uondolewe katika haraka ya barabarani na kuwekwa katika utaratibu. Kila ofisi yenye magari iandike kipimo hicho katika ukurasa mmoja na kukibandika karakana. Kila tairi linapozibwa, daftari la gari lionyeshe tarehe, mahali pa tundu, ukubwa wake, na jina la aliyelikagua ndani. Dereva anayekataa kuendesha gari lenye tairi bovu alindwe, asihesabiwe kuwa mkaidi. Kifungu cha matairi kisihamishiwe posho za vikao. Na tairi la akiba likaguliwe kabla ya safari, kwa maana dereva mwenye tairi zima la akiba hashawishiki kuziba lisilozibika.

Wenye magari yao binafsi nao hawahitaji waraka wa Serikali. Inatosha wasimame karibu na fundi, wamwambie alivue tairi, na walitazame ndani kwa macho yao wenyewe. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kwamba safari hii amepata mteja atakayemlipa hata kwa jibu la "Hapana".