Bei ya Haki ya Gari Haipatikani kwa Mdomo

Kisiba, kama ilivyo Masoko, Tukuyu na kwingineko Rungwe, mtu akishaweka pembeni fedha za kakao, za parachichi au za maziwa na kusema sasa anataka gari, ushauri anaopewa ni uleule. Usiende peke yako, nenda na mtu mwenye mdomo. Usioneshe kama una hela. Akikutajia bei, mpige nusu. Akikataa jifanye unaondoka, atakuita. Na anayerudi na habari ya kupunguziwa milioni mbili husikilizwa kwa heshima kuliko aliyelipa bei iliyotajwa, wala hakuna anayemuuliza hizo milioni mbili zilipunguzwa kutoka wapi.

Nasema ushauri huo unawaumiza watu wetu. Bei ya haki ya gari hukokotolewa nyumbani, kabla mtu hajafunga safari ya Mbeya au Dar es Salaam. Mdomo una kazi yake, lakini ni kazi ndogo na huja mwisho. Anayeanza na mdomo anakuwa amemwachia muuzaji sehemu yote iliyo muhimu.

Imani hii ina chimbuko lake, na sitaki kuidharau. Sokoni Tandale, pale Tukuyu, kupatana bei ya mkungu wa ndizi ni jambo la haki na la kiungwana. Mnunuzi amekua akila ndizi hizohizo. Anautambua mkungu uliokomaa na uliokatwa mapema, anajua jana ulikwenda kwa shilingi ngapi, na akishindwana na mama huyu yupo mama mwingine hatua chache mbele. Wote wawili wanakijua wanachokizungumzia, kwa hiyo maneno yao yanazunguka ndani ya bei inayofahamika. Kwenye gari hali ni nyingine. Muuzaji anajua alilipata kwa kiasi gani, kama limewahi kugonga, kama giaboksi imeshafunguliwa. Mnunuzi anaiona rangi na kusikia redio. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa kupatana, mwenye habari ndiye anayeamua mazungumzo yaanzie wapi na yaishie wapi, hata kama mwenzake anaongea mpaka jua linazama.

Basi tuifumue hiyo bei tuone imeshonwa na nini. Gari tunaloliita jipya huku kwetu, kwa kawaida, ni lililotumika Japani na bado halijatembea barabara za Tanzania. Limenunuliwa mnadani huko, limepakiwa melini, limeshushwa bandari ya Dar es Salaam, limelipiwa kodi na kupewa namba. Kampuni kama BE FORWARD na SBT Japan huweka bei zao mtandaoni, na zinakuonesha gharama ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam, ile inayoitwa CIF. Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake: unachagua aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi. Mtu aliyekaa Kisiba na simu yenye bando anaweza kuyaona haya yote bila kumpigia dalali yeyote.

Tuchukue mfano wa gari lenye injini ya cc 1,500 ambalo CIF yake ni dola 4,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Tunafika dola 5,000. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, dola 250. Gari likiwa na umri unaozidi miaka 10, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, dola 1,500. Jumla sasa ni dola 6,750, na hapo ndipo inapopigwa VAT ya asilimia 18, dola 1,215. Kodi hizo peke yake ni dola 3,965, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na bado hujahesabu tozo ndogondogo za reli na forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala na usajili.

Sasa weka gari lingine la dola 4,000 hizohizo, injini ileile, lakini halijafikisha miaka 8. Ushuru wa uchakavu haupo. Kodi zinashuka hadi dola 2,195. Tofauti ni dola 1,770. Ni kweli kwamba gari la miaka ya karibuni huwa ghali zaidi mnadani, na ndiyo maana inabidi ukokotoe yote mawili na kuyalinganisha. Lakini tazama ukubwa wa tofauti hiyo, kisha uniambie ni msemaji gani wa Rungwe atakayemnyang'anya muuzaji dola 1,770 kwenye gari la namna hiyo. Uamuzi wa mwaka na injini, ambao watu wetu huufanya kwa dakika mbili kwa kuangalia umbo la gari, una fedha nyingi kuliko ubishi wa siku nzima. Na kodi haisikilizi maneno: TRA ina thamani zake kwenye mfumo, na muuzaji wa ndani alishailipa kodi hiyo. Viwango hubadilika na bajeti, mwaka wa fedha unapoanza Julai 1, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa viwango vya siku unayonunua.

Ukiongeza kwenye hesabu hiyo mafuta na malipo ya dereva kwa safari ya karibu kilomita 900 kutoka bandarini hadi Tukuyu, unapata gharama halisi ya gari kufika mlangoni kwako. Kinachobaki kati ya gharama hiyo na bei ya yadi ni faida ya muuzaji. Sehemu hiyo peke yake ndiyo inayoweza kupunguzwa kwa maneno. Mwenye yadi ana kodi ya eneo, ana mtaji uliolala, ana watu wa kuwalipa. Faida kidogo ni haki yake. Bei ya haki haina maana ya kumtoa mtu jasho mpaka akuuzie kwa hasara. Akibanwa mpaka mwisho, anaweza kurudisha chake kwa njia usiyoiona: betri nzima inabadilishwa na iliyochoka, tairi la akiba na jeki havipo siku ya kuchukua gari.

Mnunuzi asiye na hesabu hii hana namna ya kupima punguzo alilopewa. Tangazo linaloandikwa "milioni 19, maongezi yapo" limeshaweka maongezi hayo ndani ya bei. Dalali anamwita mteja pembeni: "Mzee wangu, kwa sababu ni wewe, nitaongea na bosi, toa 17." Mzee anarudi nyumbani amefurahi. Kama gari la mwaka huo na injini hiyo linafika Tukuyu kwa milioni 14 na nusu, mzee amelipa milioni mbili na nusu juu ya gharama huku akiamini amepata nafuu ya mbili. Jirani yake aliyefanya hesabu, akaenda yadi nyingine na kulipa 15 na nusu bila kupunguziwa hata senti, ndiye aliyenunua vizuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaohadithia punguzo wengi wao hawana daftari.

Na dalali mwenyewe? Tunaambiwa twende naye kwa sababu anajua kubana. Lakini dalali hula pale biashara inapofungwa, na mara nyingi hula cha juu: mwenye gari anataka 14, yeye anatangaza 16, kinachozidi ni chake. Wakiwa wawili au watatu wameshikana mkono katikati, kila mmoja anaongeza chake. Wapo madalali waaminifu, na kazi yao ya kumtafutia mtu gari inastahili malipo. Basi malipo hayo yakubaliwe mapema kwa kiasi kinachojulikana, ili mtu wako asifaidike bei ikipanda.

Imani nyingine inayokwenda sambamba na hii ni ya namba. Gari "namba E" linapandishwa bei juu ya "namba D", na mnunuzi anakubali kana kwamba herufi hiyo ndiyo umri. Herufi inaonesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari lililotengenezwa 2005 na kushuka bandarini miaka ya karibuni litakuwa na namba ya juu, wakati la 2010 lililoingia mapema lina namba ya chini. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Soma kadi, kisha ulinganishe namba ya chasisi na iliyogongwa kwenye gari.

Kuna karatasi nyingine ambayo wanunuzi wachache huiulizia, nayo ina thamani kuliko maneno yote ya yadi. Ni karatasi ya mnada wa Japani. Pembeni kabisa, juu, kuna alama ya gari kwa ujumla: 4 ni zuri, 3.5 lina dosari za kawaida, na ukikuta R, gari liligonga likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililobanjuliwa, pande zote zikionekana, na juu ya mchoro zimeandikwa herufi ndogo mahali kila dosari ilipo. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mlango wenye W2 ukiuona kwenye karatasi, nenda ukaupapase mlango huo. Utajua kama karatasi ni ya gari hilo. Kilomita nazo zimeandikwa, na unaweza kuzilinganisha na cheti cha Japani cha kusafirisha gari na zile zinazosomeka kwenye dashibodi. Muuzaji akikuonesha karatasi yenye R na bei ya gari la 4, hapo ndipo mdomo wako unapata cha kusema.

Hoja yangu kubwa zaidi ni hii: kubana bei bila kuwa na habari hakumpi mtu gari zuri kwa bei nafuu, kunamwondolea magari mazuri. Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa kutumia soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimfai, analitoa sokoni. Mwenye bovu anaona imemzidi, anauza. Anayepiga nusu kila bei anayotajiwa anawafukuza wenye magari mazima, anabaki na waliokuwa wanasubiri mtu kama yeye.

Tena mdomo hauna usawa. Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti uliofanyika eneo la Chicago, wenye jozi zaidi ya 300 za wanunuzi waliotumwa kwa wauzaji wa magari mapya. Wote walifundishwa kupatana kwa maneno yaleyale. Wanaume Wazungu walitajiwa bei za chini kuliko watu weusi na wanawake. Maneno yalikuwa mamoja, kilichotofautiana ni aliyeyasema. Mama wa Kisiba anayeingia yadi na kitenge chake, au mkulima ambaye viatu vyake vinaonesha atokako, aelewe hivyo: mchezo wa maneno humpendelea yule ambaye muuzaji anamdhania mjanja. Hesabu iliyoandikwa haimwangalii mtu sura.

Najua nitaambiwa kwamba kikokotoo na karatasi za Kijapani ni mambo ya watu wa mjini. Sikubali. Vijana wa vijiji vyetu wanatumia simu hizohizo kutafuta wateja wa parachichi na kupokea fedha. Kinachokosekana ni desturi ya kukaa na kuhesabu. Na kwa gari lililokwishatembea nchini, ambalo halina karatasi ya mnada, mambo ya kukagua yapo wazi: faini za barabarani zinaangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, jina la kwenye kadi liwe la anayeuza, kadi halisi iwepo mkononi, isiwe imewekwa rehani ya mkopo. Fundi awe wako, si wa muuzaji. Gari likiwa Mbeya, ombeni kulipandisha kutoka Uyole kuelekea Isongole, mkateremke kidogo upande wa Tukuyu. Kilima hicho kitawaambia habari za giaboksi, za kupoza injini na za breki ambazo uwanja wa yadi hauwezi kuzisema.

Baada ya hapo patana, tena kwa adabu na bila haraka. Omba tairi mbili zilizokwisha zibadilishwe. Omba mkataba wa maandishi mbele ya wakili, malipo kupitia benki, na fedha ya mwisho itoke umiliki ukiwa umehamishwa TRA. Omba faida ya muuzaji ipungue, ukimwonesha hesabu yako. Muuzaji mwaminifu hataudhika na karatasi, na asiyetaka kuiona amekujibu.

Vikundi vya VICOBA na AMCOS zetu vina uwezo wa kuanzisha desturi hiyo. Mwanachama anayekopa ili anunue Noah au Kirikuu aje kikaoni na hesabu moja iliyoandikwa: CIF, kodi, bandari, usafiri, faida anayokubali kumlipa muuzaji, na kikomo ambacho hatakivuka. Wenzake waikague kabla hawajampa fedha. Asiye na hesabu asubiri mpaka aipate. Fedha hizi hutafutwa kwa misimu mingi ya mavuno, na mtu anayezipeleka mjini anapaswa kuijua bei ya haki kabla hajapanda basi.